Watoto Wanne wa Jedwali la Pili

Uvumi huo Bi Sikudhani aliusikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ndoo ya mahindi ikiwa miguuni pake. Mwanamke mmoja aliyeshuka kutoka milimani alisema kwao kuna watoto walioshikwa na degedege, wakapelekwa mjini, wakalazwa kwenye kitanda kisichotoa sauti, wakarudi wazima. Homa hakuna, kutupatupa mikono hakuna. Ila hawalii.

"Hawalii vipi?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Hawalii. Wakianguka hawalii, wakiungua uji hawalii. Wanakutazama tu. Jirani wa dada yangu anaye mmoja. Anamlisha kwa kukisia, maana mtoto haombi."

"Si ndiyo raha hiyo!" alisema mwenye mashine, na watu wakacheka.

"Kaa naye siku moja," mwanamke akamjibu, "halafu uje unieleze hiyo raha."

Bi Sikudhani Shemdoe alirudi nyumbani na unga wake, akapika, akala, akafua. Neno lile likamganda. Alilisukuma kwa kazi, likarudi. Alilisukuma kwa dua, likarudi. Maana yeye naye aliwahi kuwa na mtoto wa degedege. Hidaya, mwanawe wa pekee, alishikwa akiwa na miaka miwili, macho yakageuka juu, mwili ukawa mgumu kama mpini wa jembe. Sikudhani hakuwa na dawa. Alifikicha majivu viganjani mpaka vikakauka jasho, akakaa upande wa miguu, akazikamata nyayo mbili za mwanawe, na saa ile aliomba kitu kimoja tu: sauti. Hidaya alipolia ndipo mama mtu alipoziachia nyayo, na kisa hicho alimsimulia mwanawe mara nyingi alipokua.

Sasa Hidaya alikuwa mtafiti huko Tanga, mtu mzima, mwenye koti jeupe. Akiulizwa kazi zinaendaje hujibu kwa upole, "Zinaenda, mama. Lakini hayo hutayaelewa."

*

Jumatatu Ofisi ya Makala, alikofanya kazi Sikudhani, ilikuwa imefurika. Zilibaki siku kumi na mbili Kongamano la Tiba za Watoto lifunguliwe pale Korogwe, na makala mia na kitu zilikuwa hazijapata sahihi ya mwisho. Mratibu, Bwana Mntambo, alipita kati ya meza akigawa vibao vya kusomea, kila kibao na makala moja, kila makala na namba yake, jina la mwandishi limefutwa.

"Bi Siku, hii yako. Mia mbili na kumi na mbili. Wataalamu watatu wameshapitisha, umebaki wewe."

"Wamesemaje?"

"Wa kwanza kasema nzuri. Wa pili kasema nzuri, ila picha ya tatu ina maandishi ya kusomwa na sisimizi. Wa tatu kasema nzuri, ila mwandishi hakutaja kazi zake yeye."

Bi Mwanjaa wa meza ya pembeni aliangua kicheko. "Huyo wa tatu si yule yule wa kongamano lililopita? Hata ukiandika habari za kuku atataka umtaje!"

Sikudhani na Mwanjaa, na wenzao kumi na mmoja, walikuwa Wasomaji wa Nne. Sheria ilitaka wasiwe wamevuka darasa la saba. Zamani kitabu cha kongamano kilikuwa kitabu tu, kinakaa kabatini, anakisoma mwenye haja nacho. Sasa kilikuwa na Mkondo. Saa nne asubuhi ya siku ya ufunguzi kitabu hufungwa, na kila tiba iliyomo hushuka yenyewe kwenye mashine za zahanati zote, kuanzia pwani mpaka nchi ya maziwa. Mashine hazingoji daktari asome kwanza. Ndipo ikaonekana lazima awepo mtu mmoja asiye mtaalamu. Asome, aelewe watoto walifanywa nini, kisha aandike mistari sita kwa maneno ya nyumbani. Mistari hiyo ndiyo mzazi anayowekewa mbele ya macho kwenye kioo cha zahanati kabla hajasema ndiyo. Bila sahihi ya Msomaji wa Nne makala haiingii. Inakaa nje miaka miwili.

Asipoelewa anauliza. Swali linamwendea mwandishi bila jina, jibu linarudi bila jina. Maswali mawili hupita kimyakimya. La tatu humlazimisha mwandishi afungue daftari zake zote za utafiti mbele ya baraza la kongamano. Kwa hiyo swali la tatu halikuwa na rafiki mle ofisini. Na sharti moja lilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ukimtambua mwandishi, sema "namjua", rudisha kibao.

Sikudhani alisoma kama alivyosoma siku zote, kidole kikifuata mstari na midomo ikicheza. Makala ilihusu kitanda tulivu. Mtoto mwenye degedege anavishwa kofia ya nyuzi laini, nyuzi zinapeleka mtetemo mdogo kuliko wa simu mfukoni, na ile sehemu ya ubongo inayowaka ovyo inalazwa kwa saa mbili. Walijaribiwa watoto sitini. Alikikumbuka kitanda cha yule mwanamke wa mashineni, lakini akaendelea. Hatua ya kwanza, kofia. Hatua ya pili, maji. Hatua ya tatu, kupima joto.

Hatua ya nne ikasema: *Mlezi akae upande wa miguu, azishike nyayo zote mbili kwa viganja vilivyokaushwa kwa majivu safi. Ngozi kavu husaidia kipimo kilichopo kisiginoni.*

Kidole kilisimama. Dunia nzima hiyo, nani mwingine angeandika majivu?

Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, na hilo baadaye lilimuuma kuliko yote. Mwanawe hakumsahau. Alimwambia hutaelewa, hutaelewa, kumbe mikono ya mama yake kaiweka ndani ya sayansi, hatua ya nne. Sikudhani alijifuta macho kwa upindo wa kanga na kufungua ukurasa uliofuata.

Huko ndiko kulikokuwa na jedwali la pili. *Walioanza: 60. Waliofuatiliwa hadi mwisho: 56. Walioondolewa kwenye hesabu: 4.* Chini yake hakuna neno.

"Mbona umekuwa kimya?" Mwanjaa alimchungulia. "Imekushinda?"

"Haijanishinda."

"Kama imekushinda nipe mimi. Unanijua mwenzio, nauliza mpaka rangi ya shuka."

Na ni kweli, Mwanjaa angeuliza. Angeuliza mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu angeuliza huku anatafuna karanga. Sikudhani alilitazama sharti la ukutani. Kinywa kilikuwa chake na neno lilikuwa moja tu. Akakivuta kibao kifuani.

"Hii nitamaliza mwenyewe," akasema.

*

Swali la kwanza aliliandika taratibu: *Watoto wanne wa jedwali la pili wako wapi?*

Jibu lilikuja baada ya saa moja. *Hawakufuatiliwa. Familia zao hazikurudi kliniki.*

Swali la pili: *Kwa nini hazikurudi?*

Jibu hili lilichukua siku nzima. *Sababu haikurekodiwa. Watoto walikuwa hai walipoondoka.*

Sikudhani alilisoma mara nne. Hakuna aliyeuliza kama walikuwa hai. Na hapo alimwona Hidaya wa miaka minane amesimama mlangoni na mikono nyuma, maana ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza sukari imekwenda wapi, anakwambia kikombe hakijavunjika.

Basi kitu kile akakijua. Hakuwa na cheti cha kukijua, lakini alikijua. Mtoto anayerudi nyumbani hali, hachezi, hasemi, mama yake humrudisha kliniki hata kwa miguu. Ila mtoto aliyepona, anayekula, anayetembea, halafu halii, mama yake atasema nini dirishani pa kliniki? Nimekuja kushitaki kwamba mwanangu ametulia?

Alama ya swali la tatu ilikuwa nyekundu, pembeni mwa kibao. Aliiwekea kidole bila kukandamiza. Alifikiri: nikiuliza, watafungua daftari. Wakikuta jambo, mwanangu kwisha. Wasipokuta, amechelewa miaka miwili, na ile nafasi ya ukuu wa maabara anayoililia wanampa mtu mwingine, na siku atakapojua ni mimi niliyeuliza, ataniita nani? Akafikiri pia: wale wamesoma, wako watatu. Mimi ni nani nione wasichokiona wataalamu watatu? Hilo la mwisho lilikuwa tamu, lilimshusha mzigo mabegani, naye akalikumbatia.

Bwana Mntambo alipita. "Zimebaki siku nne, Bi Siku. Wapanga kurasa wananipigia kelele."

"Namalizia."

Akakuza maandishi ya picha ya tatu mpaka yakasomeka. Akahakikisha kurasa ni nane, marejeo yamefuatana, vichwa vya majedwali viko juu na vya picha viko chini. Kazi hiyo aliifanya vizuri, hakuna wa kumlaumu. Kisha akaandika mistari sita:

*Mtoto wako atavishwa kofia laini.*
*Haitamuumiza.*
*Wewe utamshika nyayo.*
*Atalala saa mbili.*
*Ataamka bila degedege.*
*Atakuwa mzima.*

Chini yake paliandikwa tayari neno *Nimeelewa*. Akatia sahihi.

*

Siku ya ufunguzi, saa nne asubuhi, taa ya kijani iliwaka juu ya mlango wa ofisi na watu wakapiga makofi. Kitabu kimefungwa. Mwanjaa akagawa maandazi.

Mchana Hidaya alipiga simu, nyuma yake kelele za ukumbi. "Mama! Makala yangu imepita! Vitanda mia mbili vimewashwa leo leo!"

"Hongera, mwanangu."

"Mbona sauti hivyo? Hufurahi?"

"Nafurahi. Nimechoka tu na wageni."

Hidaya akasogea mbali na kelele.

"Una neno, mama?"

"Sina. Wewe?"

"Sina."

*

Wiki ya saba baada ya kitabu kufungwa alikuja mwanamke dirishani pa ofisi na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Alijitaja jina, Tabia, na mtoto anaitwa Sefu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka inataka kuchanika. Ilikuwa ile mistari sita, aliyochapiwa na mashine ya zahanati.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimeambiwa maneno haya yanaandikwa hapa. Nilikuwa naomba aliyeyaandika anisomee tena. Labda nilisoma vibaya."

Wengine wote walikuwa wameenda kula. Sikudhani akaipokea karatasi, akasoma kwa sauti. Tabia akawa anaitikia mstari kwa mstari, kama mwanafunzi. Kofia laini, ndiyo. Haitamuumiza, ndiyo, hakuumia. Utamshika nyayo, nilimshika. Saa mbili, kweli. Ataamka bila degedege, kweli, ameamka, haijarudi.

"Atakuwa mzima," alisoma Sikudhani.

"Hapo," alisema Tabia. "Hapo ndipo nilitaka kuuliza."

Wakati huo Sefu alikuwa ameingiza kidole kwenye bawaba ya kidirisha. Upepo ukakisukuma, kikajifunga. Sikudhani aliuona ukucha ukigeuka mweusi na damu ikatoka. Mtoto hakushtuka. Alikitazama kidole, akamtazama Sikudhani, akakitazama tena, kama mtu anayetazama kitu cha jirani.

Tabia alikifungua kidirisha bila haraka, akatoa kitambaa kwenye mkoba. Mle ndani vilikuwamo vingi, vimekatwa na kukunjwa tayari. "Namkagua kila saa," alisema huku anafunga. "Juzi nilimkuta na mwiba kwenye goti, umeshatunga usaha. Sijui uliingia lini. Dada, nilikosea wapi? Au majivu hayakuwa masafi?"

Sikudhani alitaka kusema hukukosea. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akamrudishia.

*

Jumamosi hiyo akamwita Hidaya nyumbani. Hidaya alifika mchana na zawadi ya vitenge viwili, akavua viatu, akaona uso wa mama yake, akabaki amesimama.

"Wale wanne," alisema Sikudhani. "Walikuwa hawalii."

Hidaya alikaa polepole. Hakuuliza wanne gani. "Nani kakwambia?"

"Nijibu mimi kwanza."

"Walikuwa wanakula, mama. Wanatembea. Tulipima damu, macho, uzito, kila kitu. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika halii. Nikamwambia kiongozi wangu, akasema kisichopimwa hakiingii kwenye jedwali, waondoe. Nikawaondoa." Alijifunika uso. "Nilidhani itapita. Halafu Msomaji wa Nne akaniuliza wako wapi. Yeye peke yake. Wataalamu wote hakuna aliyewaona, yeye akawaona. Nikajibu ovyo. Akauliza tena. Nikajibu ovyo zaidi. Halafu nikakaa mbele ya kile kioo siku tatu, mama, sili. Nikasema moyoni, huyu mtu akiuliza mara ya tatu nafungua kila kitu, namaliza, liwalo na liwe. Nilikuwa nangoja aniulize. Hakuuliza. Nikasema basi, kumbe hata yeye ameona ni sawa."

Sikudhani alikuwa ameushika upindo wa kanga kwa mikono miwili. "Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyekusoma. Nilikujua kwa majivu. Nikanyamaza ili nikuokoe."

Hidaya aliondoa mikono usoni. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Uliniokoa na nini, mama?"

Walilia, kila mmoja upande wake. Baadaye Sikudhani alimsimulia habari za Sefu, akasema Jumatatu atakwenda kwa baraza kusema alisaini bila kuelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kukifungua kitabu kilichokwisha kufungwa na kuuzima Mkondo.

Hidaya akamshika magoti. "Nipe siku kumi. Nakuomba. Nimeanza kupata jinsi ya kuiamsha ile sehemu ya ubongo. Panya wawili wa majaribio wamerudia hali yao. Ukienda Jumatatu wataifunga maabara na kuchukua daftari ziwe ushahidi, zitakaa kwa wanasheria miaka. Nani atawatafutia dawa hao ambao wameshalala? Huyo Sefu wako nani atamwamsha?"

"Kwa siku moja vitanda vinalaza wangapi?"

Hidaya akainamisha uso.

"Nimekuuliza, Hidaya."

"Arobaini. Siku nyingine hamsini."

Sikudhani hakuwa hodari wa hesabu, lakini hiyo ilikuwa ya darasa la pili. Siku kumi ni watoto mia nne. Upande wa pili walikuwapo waliokwishalazwa, elfu mbili na zaidi, na mtu aliyekaribia kuwafikia alikuwa huyu hapa, amepiga magoti kwenye jamvi la mama yake. Hakuna upande ambao haukuwa na mtoto.

"Mama, sema neno."

"Ondoka na vitenge vyako," alisema Sikudhani, maana hakuwa na neno lingine ambalo lingemwezesha kusimama Jumatatu.

*

Jumatatu alisimama mbele ya baraza akasema alisaini bila kuelewa, kisha akasema "namjua", akiwa amechelewa wiki tisa tangu apewe kibao. Saa sita mchana taa ya kijani ilizimwa na vitanda tulivu vikazimika vyote. Saa tisa gari la baraza lilikuwa mlangoni pa maabara huko Tanga. Walichukua daftari, wakachukua wale panya, wakamchukua na Hidaya.

Mwanjaa alimletea chai mezani, hakusema utani. Bwana Mntambo alimwekea kibao chenye ukurasa mmoja mtupu, juu yake pameandikwa *Masahihisho ya makala 212: maneno kwa mzazi*.

"Kanuni ni mistari sita, Bi Siku," alisema, halafu akatazama pembeni. "Lakini andika tu."

Alijaribu simu ya Hidaya mara moja zaidi. Iliita mpaka ikakatika. Akaandika:

*Usimlaze mtoto kwenye kitanda tulivu, hata kama mashine inakubali.*

*Usidhani mtoto aliyenyamaza amepona. Mkague mwili mzima, asubuhi na jioni, hata kichwani.*

*Usimwache karibu na moto, wala bawaba, wala mbwa. Hatakuita.*

*Usingoje aombe chakula. Mpe kwa saa.*

*Usione haya kumrudisha zahanati ukasema "halii". Ni ugonjwa. Waambie waandike, na kama fomu haina mahali, waandike pembeni.*

*Usitie sahihi kwa sababu waliotangulia wametia.*

*Usiache kuuliza ukiwa bado una swali, hata kama unayemuuliza unampenda.*

*Usitupe majivu ukidhani yalikuwa machafu. Hayakuhusika.*

*Usijilaumu wewe uliyemshika nyayo. Ulisoma ulichoandikiwa. Aliyekiandika ni mimi, Sikudhani Shemdoe, wa Korogwe.*